Mvua, Kromu na Mume Wangu

Jumapili, 3 Machi

Daftari hili nililinunua niandike mapishi. Mapishi yatasubiri. Leo nina siku nane katika ndoa, na nisipoandika habari za mume wangu mahali fulani nitaanza kuwasimulia watu nisiowajua kwenye foleni ya maji.

Nianze na picha. Kati ya picha zote za harusi yetu, iko moja ambayo mama yangu hataki wageni waione. Nimesimama na gauni langu kando ya gari la maharusi, lile jeupe la zamani, natabasamu. Mume wangu haitazami kamera wala hanitazami mimi. Ameinama, anapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye bampa ya mbele, taratibu, kama daktari anayepapasa mfupa. Mama anaona ni aibu. Mimi naipenda kuliko zote. Dakika ile ile ya picha ndipo mwenye gari, ambaye kila mtu humwita Bosi wa Maharusi, aliposogea akauliza, "Bwana harusi, umepoteza nini hapo?"

"Sijapoteza kitu, mzee. Hapa ukucha unanasa, hapa haunasi. Mikwaruzo isiyonasa naweza kuitoa."

Bosi akainama naye. Wanaume wawili wameinamia bampa, bibi harusi anasubiri kufunguliwa mlango. Jana vipande vya gari hilo vimeletwa barazani kwetu, mume wangu anapofanyia kazi yake ya kung'arisha kromu: bampa mbili, vitasa vinne, vifuniko vya magurudumu na grili, ule wavu wa mbele. Limekodiwa kwa harusi ya tarehe 27 Aprili, na linatakiwa ling'ae.

Jumanne, 5 Machi

Leo amenifundisha kazi. Nimekaa kwenye kigoda, yeye kwenye ndoo iliyofunikwa.

Kromu, anasema, ni ngozi nyembamba sana juu ya chuma. Mkwaruzo uliokaa juu ya ngozi unaweza kuutoa. Mkwaruzo uliopasua ngozi hauutoi kwa kusugua, ungesugua mpaka uzee. Ukucha ndio unaosema. Kwa kutu anatumia foili, ile ya kufungia chakula: anaifinyanga, anaichovya kwenye maji, anasugua kwa vizunguko vidogo. Foili ni laini kuliko kromu, kwa hiyo inachukua kutu na kuiacha kromu salama. Palipo pabishi anatumia pamba ya chuma, ile laini kabisa. Halafu maji safi, kitambaa kikavu, polishi, na mwisho nta.

Akaendelea kunieleza kitu kuhusu vitambaa vyekundu alivyovifunga kwenye baadhi ya vipande. Hapo polishi ilikuwa imemgusa kwenye paji la uso, na yeye hajui, na alipokuwa akiongea nyusi zake zilikuwa zinapanda na kushuka. Sauti niliisikia vizuri sana. Maneno sikuyasikia.

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Tumevuta vipande vyote ndani zaidi ya baraza na kunywa chai tukiviangalia.

Jumamosi, 9 Machi

Imekuja barua ya kiwanda, kile kikubwa cha kupaka kromu kilicho mbali, siku mbili za safari. Aliomba kazi huko mwaka jana kabla hatujajuana vizuri, akasahau. Wao hawakusahau. Wanamtaka kwa mkataba wa miaka miwili, analala kwenye bweni la wafanyakazi, na bweni halipokei wake. Jibu litumwe kwa simu au kwa maandishi kabla ya mwezi wa nne kwisha.

Nilisoma mara mbili, nikaikunja vizuri kuliko ilivyokuja.

"Sitaki kwenda," akasema. "Lakini bibi harusi wangu, wateja wa baraza ni wa kubahatisha. Leo kitasa, kesho hakuna. Bosi ana magari manane. Akiridhika na hili moja akanipa na mengine, nina kazi ya mwaka mzima papa hapa. Asiporidhika, nitakuwa sina sababu ya kukataa."

Kwa hiyo ndoa yangu imening'inia kwenye bampa. Nimekwenda kuzitazama tena, zote mbili. Sikuwahi kuzitakia mema kiasi hiki.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Amepika yeye. Chumvi imezidi, nimekula yote.

Alhamisi, 14 Machi

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni Fundi Rangi. Ni mcheshi, ana redio kubwa, na wateja wake huingia wakicheka. Leo nimeona kwa nini.

Mwanamke mmoja alileta pikipiki ambayo bomba lake la moshi limekwaruzwa na geti. Mume wangu akapitisha ukucha, akachukua chaki, akachora vimstari vitatu. "Hapa, hapa na hapa hapatatoka, dada. Pengine pote patang'aa." Mwanamke akatazama chaki ile kama ametukanwa, akaisukuma pikipiki yake hadi kwa jirani. Nikamsikia Fundi Rangi akisema, "Dada, usijali, kila kitu kitatoka."

Nilipata hasira nikamwambia mume wangu, "Si ungechora baada ya yeye kuondoka?"

"Angerudi kesho akavikuta."

"Angekuwa ameshakuzoea."

Alicheka mpaka akaweka chaki chini. Mimi sikuwa natania. Nampenda lakini leo nimeona ana ubishi wa kimya kimya, ule mbaya zaidi, kwa sababu huwezi kugombana nao.

Jumatano, 20 Machi

Bampa ya nyuma imekamilika. Nimejitazama humo nikachana nywele.

Jumapili, 24 Machi

Mama mkwe amekuja. Alisema siku tatu, lakini mvua imelichimba daraja la kwao, kwa hiyo atakaa mpaka lipitike.

Nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri. Nimefagia, nimepanga vyombo, nimetoka barazani nikaona vile vitambaa vyekundu vimelowa na kupauka, vinaning'inia kwenye vipande vya Bosi kama nguo za mtu aliyefukuzwa. Nikavifungua vyote, nikavifua, nikavianika. Mama mkwe akaingia, akapitisha kidole juu ya kabati, akakitazama kidole.

"Pasafi," akasema.

Hakutabasamu. Anasema neno moja moja, kama anayekopesha. Usiku nimelala nikihesabu makosa ambayo hajayataja.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua. Daraja bado. Mama mkwe amenitazama nikikata vitunguu, akasema, "Hm."

Jumatano, 3 Aprili

Leo nitaandika yote.

Asubuhi mume wangu alikwenda kufunga vioo vya pembeni vya lori la mteja. Vipande vya Bosi vilibaki vichache, na grili ilikuwa haijaguswa, ina madoa na mikwaruzo midogo. Nikasema, leo nitamshangaza. Arudi aikute inang'aa, aniangalie kwa yale macho. Nimemwona akifanya kazi mwezi mzima, najua kila hatua. Nikachukua foili, madoa yakabaki. Nikachukua pamba ya chuma. Nikasugua kwa vizunguko vidogo, sawasawa, bila kuruka mahali, nikiimba.

Nilipomwaga maji, kromu haikuwapo. Chini yake palikuwa na kitu cha kijivu, butu, kama sahani ya zamani. Nikasugua kidogo pembeni ili nihakikishe, na pembeni nako ikaondoka. Nikaigonga kwa ukucha. Ikalia tak, mlio mkavu. Ilikuwa plastiki.

Hapo ndipo maneno ya tarehe tano Machi yakanijia, yote, pamoja na zile nyusi. Kitambaa chekundu maana yake ni plastiki iliyopakwa kromu nyembamba kama pumzi. Sabuni na kitambaa laini tu, usiguse na kitu kingine. Na vitambaa vyekundu nilivifua mwenyewe, nikavikunja, nikaviweka kwenye droo ya vijiko.

Nikakimbilia nyuma ya nyumba nikakaa kwenye jiwe la kufulia. Nililia ile ya kukosa hewa. Mama mkwe akaja na mwavuli, akasimama juu yangu bila kuuliza. Alikuwa ameshapita barazani.

"Mwaka wangu wa kwanza," akasema, "nilifua suti ya baba mkwe wangu kwa maji ya moto. Ile ya pekee. Ilitoka ikawa ya mtoto wa darasa la pili."

Sikujua kama inaruhusiwa kucheka. "Ulifanyaje, Mama?"

"Niliificha wiki nzima chini ya godoro. Ile wiki ndiyo ninayoijutia, suti nimeshaisahau." Akanipa mwavuli. "Usikae kwenye jiwe, utaumwa tumbo. Mwambie kabla hajaona."

Nikamsubiri getini kwenye mvua. Nilimwambia kabla hajashusha begi: nimefungua vitambaa, nimesugua grili kwa pamba ya chuma, imekwisha. Akaenda barazani, akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga, mbele na nyuma, muda mrefu. Nilitamani anipigie kelele.

"Umesugua sawasawa kabisa," akasema mwishowe. "Hata mimi mkono wangu huruka kwenye kona. Wako haujaruka."

"Mpenzi, nimeiharibu."

"Umeiharibu vizuri sana."

Halafu akakaa kwenye ndoo yake na nikaona uso wake ulivyochoka, na nikajua anawaza kile ninachowaza. Siku ishirini na nne tu kabla ya harusi ya watu. Akasema hii haiwezi kurudi kwa kusugua, kilichobaki ni plastiki tupu. Kisha akasema, "Kesho asubuhi tunakwenda kwa Bosi." Alisema tunakwenda. Nimeliandika neno hilo hapa ili nisilisahau.

Alhamisi, 4 Aprili

Ofisi ya Bosi ni chumba kimoja chenye funguo ukutani, kila ufunguo na utepe wake. Mume wangu aliweka grili juu ya meza na kusema, "Mzee, nimeharibu grili yako."

"Aliyeharibu ni mimi," nikasema.

"Kazi iko nyumbani kwangu. Ni mimi."

"Hukuwepo hata. Ulikuwa kwenye lori."

"Sikukuelewesha vizuri."

"Ulinielewesha. Sikusikiliza."

Bosi akavua miwani. "Nimeona watu wakigombania kulipia chai. Kosa sijawahi kuona likigombaniwa." Akaigusa grili, na uso wake haukuwa wa utani tena. "Jumamosi ya tarehe 27 bibi harusi wa watu ataingia kwenye gari hili. Siwezi kumpelekea gari lililong'oka meno ya mbele. Tafuteni grili nyingine. Ijumaa, siku moja kabla, nitakuja kuangalia. Ikiwa haipo, vipande vyangu vingine nitavichukua, na magari yangu mengine nitampelekea jirani yenu. Ameshanitafuta mara mbili."

Tulirudi kwa miguu chini ya mwavuli mmoja. Nilisubiri aniambie neno la lawama, hata moja, nami nipunguze deni. Alichosema ni, "Shika huku, begani kwako pananyesha."

Jumanne, 9 Aprili

Yadi mbili za vyuma chakavu. Tope mpaka magotini. Hakuna.

Alhamisi, 11 Aprili

Yadi ya tatu. Hakuna. Mama mkwe amefua suruali zetu bila kusema kitu, hata ile "hm".

Jumamosi, 13 Aprili

Ipo! Yadi ya tano, nyuma ya lundo la milango, gari la aina ile ile limekaliwa na kuku. Muuza vyuma alisema, "Chukueni, lakini kuku wanataga humo, msivunje." Mume wangu akatoa sumaku mfukoni, akaigusisha kwenye grili. Ikanasa. Akanigeukia na macho yanang'aa. Ni chuma, ndiyo ya asili. Ile ya plastiki mtu aliiweka baadaye. Tumeibeba wawili, yeye upande huu, mimi upande ule, na tumewaachia kuku mayai yao.

Ina kutu kila kona. Upande wa kulia una mkwaruzo mrefu kama kidole. Hakuupima pale yadini, na mimi sikuuliza.

Jumatano, 17 Aprili

Tunasugua wote wawili. Foili na maji, vizunguko vidogo. Mama mkwe anatukatia foili vipande sawasawa na kuvipanga kwenye sinia. Leo aliniambia, "Pumzika, mama, bega litauma." Ameniita mama. Nimeendelea kusugua ili asinione nimefurahi kiasi gani.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Mtaro umejaa. Upande wa kushoto wa grili unang'aa.

Jumapili, 21 Aprili

Leo tumegombana, mara ya kwanza. Nitaandika na upande wangu ulivyokuwa.

Grili yote imekuwa kioo isipokuwa ule mkwaruzo. Amepitisha ukucha, ukanasa. Nimepitisha wangu, ukanasa. Fundi Rangi alikuwa ameegemea ukuta akitutazama, na kwa wema kabisa akatupa kopo la rangi ya fedha juu ya ukuta. "Jirani, puliza mara moja tu. Harusini watu wanatazama gauni. Nani atakuja na ukucha?"

Mume wangu akamshukuru, akaliweka kopo kando. Nikalichukua.

"Kidogo tu," nikasema. "Mpenzi, kidogo. Siyo kwa ajili ya gari. Kwa ajili ya miaka miwili."

"Itashika wiki tatu. Kisha Bosi ataosha gari, itabanduka, na chini kutu itakuwa imekula."

"Wiki tatu zinatosha. Tarehe 30 ya kiwanda itakuwa imepita."

Nililisema hilo kwa mdomo wangu. Aliniangalia, hakukasirika, na nilitamani akasirike. Akasema polepole, "Nikibaki hapa kwa kupuliza, nitakuwa napuliza kila siku. Utaishi na Fundi Rangi asiye na redio."

Nikaingia ndani nikafunga mlango. Kwa nusu saa nilimwona mume wangu kuwa mtu anayependa chuma kuliko mimi. Kisha, kupitia dirishani, nikamwona akisafisha ule mkwaruzo kwa kijiti kilichofungwa pamba, kutu yote, mpaka chini, anapuliza vumbi kwa mdomo, anapaka vanishi isiyo na rangi kwa brashi nyembamba ili maji yasiingie tena. Alikuwa akitunza kitu ambacho hakuna mtu angemsifu kwa kukitunza, kwa sababu bado kitaonekana ni mkwaruzo. Nikawaza, mtu huyu akinikuta nina doa lisilotoka, hivi ndivyo atakavyonifanyia.

Nikatoka nikalirudisha kopo juu ya ukuta. "Asante, shemeji," nikamwambia Fundi Rangi. "Tumeamua liwe hivyo hivyo."

"Mmeamua?" akauliza.

"Ameamua," nikasema. "Mimi nimekubali dakika hii."

Ijumaa, 26 Aprili

Bosi alikuja na mwavuli mweusi na dereva wake. Gari likafungwa vipande vyote hapo hapo uani. Lilipokamilika hata Mama mkwe alitoka jikoni, akasimama na mwiko mkononi. Mawingu yalikuwa yakitembea ndani ya bampa.

Bosi alizunguka mara mbili akitabasamu. Ningeweza kunyamaza. Wote tungeweza. Mume wangu akachuchumaa upande wa kulia na kusema, "Mzee, njoo uone. Hapa hapajatoka, na hapatatoka. Nimeziba maji yasipite. Siku yoyote mtu akikwambia anaweza kupatoa kwa kusugua, usimkubalie, ataitoboa."

Tabasamu likaondoka. Bosi akainama, akapitisha ukucha. Ukanasa, niliusikia. Akainuka, akafuta kidole kwa leso, akamwambia dereva, "Washa." Wakaondoka. Hakusema vizuri wala vibaya.

Mama mkwe akarudi jikoni. Mume wangu akaanza kufagia uani, pale pale palipokuwa safi.

Jumamosi, 27 Aprili

Harusi ya watu leo. Hakujanyesha. Nimewaombea jua, na nimejiombea mimi.

Jumapili, 28 Aprili

Ameitoa barua ya kiwanda, akaisoma, akauliza begi lake kubwa liko wapi. Nikasema sijui. Najua.

Jumatatu, 29 Aprili

Saa tatu asubuhi honi ililia getini. Ni Bosi, kwenye pikapu, bila mwavuli, macho mekundu. Nyuma ya pikapu kulikuwa na bampa zimefungwa kwa kamba, zimelaliana kama samaki.

Hakusalimu. "Mmenitia ugonjwa," akamwambia mume wangu.

"Ugonjwa gani tena, mzee?"

"Wa ukucha. Juzi harusini watu wanacheza, mimi napapasa gari. Jana nimepita magari yangu yote saba yaliyobaki. Kila bampa, kila kitasa. Sehemu hamsini na tatu zinanasa. Miaka yote nilidhani nina magari yanayong'aa. Mke wangu ameniambia nikipapasa na birika la chai nihame." Akavuta pumzi. "Nilimwita jirani yenu aangalie. Akasema kila kitu kitatoka. Nikamwonyesha mahali, nikamwambia, pitisha ukucha hapa kwanza. Hakujua natafuta nini. Sasa shusha hizi. Chora chaki zako zote, nataka kuziona kwa macho. Kisha tutaanza na lile jeusi."

Mume wangu alisimama kama mtu aliyesahau namna ya kutembea. Mama mkwe ndiye aliyesema, kutoka mlangoni, "Si umesikia? Shusha."

"Na huyu," Bosi akaninyooshea kidole, "ndiye aliyesugua plastiki mpaka ikaisha?"

"Ndiye mimi, mzee," nikasema.

"Plastiki zangu zote zifungwe vitambaa na mtu asivifue."

Tumeshusha bampa kumi na nne; mbili ni za plastiki, na hizo nimezifunga vitambaa vyekundu mwenyewe, mafundo mawili mawili.

Sasa hivi ni mchana. Kule barazani nasikia chaki na sauti ya Mama mkwe akimwambia mwanawe ameruka mahali. Mume wangu ana mikono ya polishi, kwa hiyo ameniachia mimi kazi ya kukijibu kiwanda, maana mwandiko wangu ni mzuri. Aliniambia tu, "Washukuru, waambie sitakuja."

Nimeandika: Nawashukuru sana kwa nafasi mliyonipa. Sitaweza kuja. Hapo ingetosha. Lakini karatasi ilikuwa na nafasi, na nimeongeza mstari mmoja ambao yeye hajauona: Mke wake anawashukuru pia.